Kwotabeki staa wa chuo akishakatwa NFL anaishije? Nimekaa na mmoja miaka 6

Mkuu umeuliza kuhusu mpwa wako anayecheza kwotabeki (yule anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira kwenye futiboli ya Kimarekani) chuo huko Marekani, akiingia NFL, ligi yao ya kulipwa, halafu mambo yakagoma itakuwaje. Mimi niko Florida, kazi yangu ni kuosha na kuua vijidudu kwenye vyombo vya upasuaji hospitalini, na kwa miaka 6 nimekuwa napokea trei za magoti ya bandia kutoka kwa muuzaji wake, jamaa aliyekuwa kwotabeki staa wa chuo kikubwa hapa, jina silitaji. Jioni kabla ya operesheni analeta mzigo tunahesabu wote, ndio tukazoeana.

Alikaa NFL misimu 2, muda mwingi benchi. Pensheni yao inataka misimu 3 inayohesabika kwa hiyo hapo akatoka kapa. Siku ya kukatwa, yaani kutemwa na timu, aliambiwa tu kocha anakuita, njoo na tableti yako, ile yenye mipango yote ya timu, akajua kwisha habari. Ila anasema hela haikumtesa kama asubuhi. Tangu ana miaka 14 kuna mtu anampangia saa ya kuamka, ya kula, ya kuangalia video za mechi, ya kuweka barafu begani, halafu Jumatatu moja kaamka saa 11 alfajiri, kavaa, kakaa ndani ya gari hana pa kwenda.

Na kuna hili wengi hawalijui, jina la chuo halivuki jimbo. Jamaa alihamia Arizona, kwao mke wake, akaomba kazi za mauzo, kule hakuna anayemjua, miaka 2 ikapita hivi hivi. Kurudi Florida, daktari wa mifupa aliyesoma chuo hicho hicho akapokea simu yake siku ile ile. Sasa jina limekufikisha mlangoni tu mkuu, mgonjwa akiwa mezani daktari anataka goti la saizi yake basi, habari za mechi hana. Nimemkuta jamaa paking usiku anasoma anatomia na taa ya gari.

Danny Wuerffel mnamkumbuka? Kwotabeki aliyebeba Heisman ya 1996, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo, akiwa Chuo Kikuu cha Florida, Januari 1997 wakakipiga chuo cha Florida State 52-20 pale uwanja wa Superdome, New Orleans, wakabeba ubingwa wa vyuo. Saints, timu ya NFL ya mji huo huo, wakamchukua raundi ya 4 ya drafti, pale timu zinapochagua vijana wa chuo kwa zamu, hakuwaka. Lakini akiwa bado anacheza alishaanza kujitolea Desire Street Ministries, huduma ya Kikristo kwenye mtaa wa watu maskini kule Ninth Ward, New Orleans, kwa hiyo mpira ulipoisha alikuwa na pa kwenda. Kimbunga Katrina cha 2005 kikazamisha shule yao na nyumba yake pia, hakuacha.

Ryan Leaf, kwotabeki mwingine, yeye drafti ya 1998 alichaguliwa wa 2 nyuma ya Peyton Manning tu, akaishia kuvunja nyumba za watu Montana akitafuta dawa za maumivu, akafungwa, katoka 2014 na sasa anasaidia wenye uraibu. Kijana akiumia bega, tafadhali sana muulizeni anameza nini na kwa siku ngapi.

Amalize digrii, na likizo aombe kazi kwa watu wa hapo hapo wanaomshangilia sasa hivi, asingoje wamsahau. Jamaa amesema yuko radhi kuongea naye, njoo inboksi nikuunganishe, anapatikana usiku akishashusha trei.