Somoe, ulichoniuliza juzi

Mikindani, Mtwara

Mwanangu Somoe,

Ujumbe wako wa sauti wa juzi nimeusikiliza mara tatu, na mara ya tatu nilitoka uani ili baba yako asiuone uso wangu. Umesema tangu mfungue chuo huko Harbin, China, baada ya Mwaka Mpya wa Kichina, unaingia darasani siku mbili kwa wiki, na ukiingia unatikisa kichwa tu kama unayeelewa. Siku nyingine hutoki chumbani mpaka giza linaingia. Mwisho ukaniuliza: "Mama, nikirudi kabla mwaka haujaisha, utaona aibu?"

Hapana, mama. Sitaona aibu. Nimelitanguliza hilo ili usiisome barua yote ukilitafuta.

Sasa nikueleze jambo ambalo hata dada zako sijawahi kuwaeleza. Mnajua nilisoma Voronezh, enzi za Umoja wa Kisovyeti. Mmekua mkinisikia nikisimulia theluji, na ule udongo mweusi wa kule unaokolea kama masizi, wakati sisi hapa Makonde tunahangaika na mchanga. Hizo ni habari za miaka ya baadaye, nilipokwisha kuzoea. Mwaka wa kwanza huwa nauruka, na nyinyi hamjawahi kuniuliza.

Niliondoka hapa mwaka 1983, na miaka 22. Wewe umezaliwa 2003, mwaka uleule daraja la Mkapa lilipofunguliwa Rufiji, kwa hiyo pantoni ya Ndundu huijui. Kufika Dar es Salaam tu kulikuwa safari ya kuagana na watu kwa machozi. Sukari na sabuni zilikuwa za kutafuta kwa tochi, lakini bibi yako alipata khanga mpya ya kunifunga, sijui wapi. Mtaa mzima ulinisindikiza. Kwa hiyo unaposema unawaogopa watu waliochanga kwenye shughuli ya kukuaga, nakuelewa mpaka kwenye mifupa.

Kule wanafunzi wa kigeni tulianza na mwaka mzima wa kusoma Kirusi kabla ya kugusa masomo yenyewe, kama wewe sasa unavyosoma Kichina kabla ya uhandisi wako. Herufi 33, na jina la kitu hubadilika mwisho wake kwa namna sita kutegemea linafanya kazi gani kwenye sentensi. Wewe unapigana na toni nne. Shida ni ileile.

Kila mtu akinikuta huuliza baridi. Baridi haikunishinda. Baridi ina dawa: koti, soksi mbili mbili, chai. Kilichonishinda ni kurudi utoto. Hapa nilikuwa binti aliyemaliza kidato cha sita, mtu wa kutumwa kusomea wazee barua. Kule nilishindwa kununua stempu. Nilisimama dirishani, mama muuzaji akaniuliza kitu, nikaondoka bila stempu na bila chenji yangu. Nikaanza kukwepa madirisha yote. Nikaanza kula mkate mweusi na chai chumbani ili nisipange foleni kwenye mkahawa wa wanafunzi, maana kwenye foleni lazima useme unataka nini.

Januari 1984 ukaja mtihani. Mitihani yao mingi ilikuwa ya mdomo. Mezani wamepanga vikaratasi vimefunikwa, wanaviita bileti. Unaokota kimoja, unakaa kidogo kujiandaa, halafu unakwenda kujieleza mbele ya mwalimu. Nikaokota changu. Nilielewa maneno mawili kwenye mstari wa kwanza. Nilikaa nacho mkononi mpaka kikalowa jasho, kisha nikakirudisha mezani nikatoka.

Usiku ule nilimwandikia babu yako. Barua hiyo ninayo hapa mbele yangu. Tulipofungua kasha lake baada ya kufariki tulizikuta zote zimefungwa kwa uzi wa nyavu. Inasema: "Mimi huku ni mzima wa afya, hofu ni juu yenu tu mlio mbali na upeo wa macho yangu. Masomo yanaendelea vizuri na mtihani nimeufanya." Nilikuwa na siku ya tatu sijala chakula cha moto.

Babu yako alijifunza kusoma ukubwani, kwenye kisomo. Barua zangu alizisoma barazani kwa sauti, kidole chini ya neno, na wavuvi wenzake wakimsikiliza. Kwenye ile ya Januari, ukingo wa karatasi umechakaa pale kwenye "mtihani nimeufanya", kwa jinsi alivyokuwa akiwaonyesha watu. Ndilo jambo linaloniuma mpaka leo, Somoe. Kufeli kumekwisha pita. Yule mzee alifariki akiwa na mtoto ambaye siye.

Wewe umeniambia ukweli ukiwa bado umo ndani yake. Mimi sikuthubutu. Hilo nimelishukuru sana, na ndiyo maana sitakujibu kwa maneno ya "jikaze". "Jikaze" nililiambiwa sana.

Alikuwepo mwenzetu mmoja, kijana wa Songea, aliyerudi nyumbani Machi ile. Kifua kilimbana, akawa anakohoa usiku kucha, akasema hawezi. Alifanya sawasawa, na wala simhesabu kuwa ameshindwa. Kwa hiyo nikikuuliza kinachokuondoa ni nini, si mtego. Kama ni ugonjwa, wa mwili au wa moyo, kama hulali, kama unapata mawazo ya kutotaka kuishi, niambie leo, uende hospitali kesho, na tiketi tutaipata. Korosho za msimu uliopita hatujazimaliza, na zingekuwa zimekwisha pia tungeipata. Kama uhandisi wenyewe hauutaki, tuzungumze. Lakini kama ni ile kitu ya kutikisa kichwa, ngoja nikwambie ilivyonitoka.

Mwalimu wetu wa Kirusi, mama wa makamo, siku moja alinisimamia mezani akaniuliza, "Leo umekula nini?" Nikajibu, "Ndiyo." Darasa likacheka. Yeye hakucheka. Alifunga kitabu, akavuta kiti akakaa mbele yangu, akanifundisha sentensi moja: *ya ne ponyala*, sijaelewa. Akanifanya niirudie mpaka nikaacha kuinamisha uso. Akasema kuanzia siku ile nikitikisa kichwa atanisimamisha.

Baadaye alinitaka nimfundishe Kiswahili kidogo. Nikamwambia mkate mmoja, mikate miwili, kiti kimoja, viti viwili, jiwe, mawe. Akaandika, akakosea, akapangusa, akakosea tena, akasema mdomoni mwake, "Sijaelewa." Mtu mzima, mwalimu, kwa uso mkavu kabisa. Nilirudi bwenini nikaingia kwenye foleni ya chakula. Nilipewa kitu nisichokitaka, lakini nilikiomba mwenyewe.

Mtihani niliurudia, nikapita kwa alama ya chini kabisa inayokubalika. Kwa alama hiyo ndiyo nimekuja kuwa bibi shamba, nikazunguka Newala na Tandahimba kufundisha watu kupuliza salfa kwenye mikorosho ugonjwa wa ubwiriunga ulipokuwa unaimaliza.

Ninachokuomba ni wiki mbili, si mwaka. Kesho ingia darasani, na ukipotea sema kwa sauti, kwa Kichina, kwamba hujaelewa. Keti mbele. Nenda ofisi ya wanafunzi wa kigeni uulize kwa mdomo wako: ukikosa HSK ya nne, huo mtihani wenu wa Kichina, mwezi wa sita, ufadhili unakuwaje, unaruhusiwa kurudia? Usiamini ya kuambiwa bwenini. Baada ya hizo wiki mbili, ukisema unarudi, nakuja kukupokea Dar es Salaam mwenyewe. Wa shughuli waniachie mimi. Walikuchangia kwa kukupenda, hawakukununua.

Ile picha uliyonitumia ya mkate mkubwa kama ungo, ukasema Harbin wanauita *lieba*, nimecheka peke yangu. Warusi waliojenga reli waliufikisha huko tangu 1898, na jina wakaliacha. Sisi Voronezh tuliuita *khleb*. Nunua mmoja, omba kwa sauti, ule na kitu cha moto. Usiulie chumbani.

Nipigie Ijumaa kwenye WeChat, saa tano usiku ya kwako. Hapa itakuwa saa kumi na mbili jioni, nitakuwa nimekaa baraza ileile ya babu yako.

Mama yako