Injini ya pikipiki kwenye gari la mbio: kwa nini beringi zinakufa

Umeuliza kwa nini injini ya pikipiki ya cc 600 kwenye gari lenu imeua beringi za konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenkshafti) mara mbili, ilhali kanuni zenu za mbio zinataka pistoni na kemshafti (shafti inayofungua valvu) za kiwandani. Tatizo ni oili. Pikipiki hulala kwenye kona, kwa hiyo oili hubaki chini ya sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini. Gari halilali: likikata kushoto, oili hukimbilia kulia na bomba la kufyonza oili humeza hewa, beringi zikakosa oili.

Kama kanuni zinaruhusu, weka vizuizi vya bati ndani ya sampu kuzunguka bomba hilo. Unapofunga injini upya, pima uwazi kati ya kila beringi na shafti yake, weka bolti mpya za konrodi, kaza kwa toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza). Kipoza oili cha zamani kitupe. Chembe za chuma za beringi zilizokufa hazitoki zote humo, na zitamaliza seti mpya ya beringi.