Barua kwa mwanangu: kupanda cheo bila kujiunga na kambi

Mwanangu mpenzi,

Barua yako imenifikia, na nimeisoma kwa utulivu kabla ya kushika kalamu, kwa kuwa ulichoniuliza hakifai kujibiwa kwa simu. Unasema kwamba mwenzako aliyeripoti kazini baada yako amepewa barua ya kukaimu ukuu wa kitengo, kwamba watu wanadai amefika hapo kwa ukaribu wake na mkurugenzi, na kwamba afisa mmoja mwandamizi amekuita pembeni akakuahidi kukutetea endapo utakuwa upande wao na kuwapelekea habari za yanayoendelea kitengoni kwenu. Kisha ukaniuliza kama mtu anaweza kupanda ofisini bila kujichafua, au kama wamesema kweli wale wanaokuambia kwamba kazi peke yake haimpandishi mtu.

Wamesema kweli, ila hawakuimaliza. Kazi isiyojulikana haimpandishi mtu, na kazi inayojulikana ya mtu asiyeaminika haimfikishi mbali. Unachotakiwa kukitafuta ni kazi yako ijulikane na wewe mwenyewe uaminike, na vyote viwili vinapatikana bila kumpiga mtu zengwe. Mama yako nilikaa ofisi ya utumishi tangu ujana hadi kustaafu, majalada ya watumishi yakipita mikononi mwangu, kwa hiyo ninayokuandikia nimeyaona kwa macho.

Anza na jambo ambalo vijana wengi hawaliulizi: nafasi yenyewe ipo? Katika utumishi wa umma mkuu wako hawezi kukupandisha kwa sababu tu amekupenda. Nafasi lazima iwemo kwenye ikama iliyoidhinishwa, yaani idadi ya watumishi ambayo ofisi imeruhusiwa kuwa nayo, fedha yake iwemo kwenye bajeti ya mishahara ya mwaka huo, na ndipo jina lipelekwe kwenye kamati inayohusika. Mwaka 2016, Serikali iliposimamisha upandishaji wa vyeo ili kuhakiki watumishi hewa, niliwaona watu wazima wakinyimana salamu, kila mmoja akiamini kwamba mwenzake amemchongea kwa wakubwa, ilhali zuio lilikuwa la nchi nzima na hakuna mkuu wa idara aliyekuwa na uwezo wa kulivuka. Vyeo viliporudi, baadhi ya urafiki ule haukurudi. Kwa hiyo nenda kwa afisa utumishi wenu kwa adabu, umuulize muundo wa kada yako unataka nini ili utoke daraja ulilopo, kuna nafasi ngapi mwaka huu, na jalada lako limepungukiwa na nini. Kuuliza hivyo si kujipendekeza, ni haki yako. Mara nyingi kinachokosekana ni karatasi tu: tathmini haikukamilishwa, cheti hakikuwasilishwa, barua ya kuthibitishwa kazini haimo.

Kuhusu mwenzako, usiyachukue maneno ya watu kuwa ushahidi. Inawezekana amependelewa, kwa maana upendeleo upo na nimeushuhudia. Inawezekana pia kwamba mkurugenzi anamwita kila mara kwa sababu ndiye anayeandaa taarifa za robo mwaka, na kiongozi humkabidhi jukumu yule ambaye ameshamwona akilifanya. Vyovyote iwavyo, kukaimu si kuthibitishwa. Kanuni za Kudumu za Utumishi wa Umma za mwaka 2009 zinakuchukulia kukaimu kuwa mpango wa muda usiokusudiwa kuzidi miezi sita, ingawa ofisi nyingi huupitiliza muda huo, na katika kipindi hicho utatazamwa wewe kama anavyotazamwa yeye. Ukimcheleweshea takwimu ili aaibike kikaoni, atakayeumia kwanza ni mwananchi anayesubiri mradi uliomo kwenye bajeti hiyo, na baada yake ni wewe, kwa sababu watu wa ofisi hawamsahau aliyenyamaza makusudi kazi ilipokuwa inaharibika. Mpe ushirikiano anaostahili mkuu wa kitengo, kwa wakati. Kumsifu si lazima.

Sasa nije kwa huyo afisa mwandamizi, maana hapa ndipo moyo wangu uliposhtuka. Hakukuomba kazi, amekuomba habari za wenzako. Anayekutaka kwa ajili ya habari, thamani yako kwake inaisha siku habari zinapokwisha, na niliwaona watu walioanza kwa kupeleka kweli ndogo ndogo wakaishia kutunga, kwa kuwa waliogopa kufika mikono mitupu. Kambi ikishinda, wenyewe walioianzisha ndio wanaogawana nafasi na mgeni anaambiwa asubiri. Ikishindwa, au mkeka mpya, yaani orodha ya uteuzi, ukitoka na mkubwa wao akaondolewa, waliokuwa wakionekana naye wanabaki wakitazamwa kwa shaka. Hata huyo uliyemtumikia hatakuamini, kwa sababu anajua ulizifanya nini siri za mwingine.

Sisi tuliozikariri ahadi za TANU tungali wadogo tulifundishwa kusema: "Cheo ni dhamana, sitatumia cheo changu wala cha mtu mwingine kwa faida yangu." Watu huikumbuka sehemu ya kwanza na kuiacha hiyo ya cheo cha mtu mwingine, na hiyo ndiyo inayokuhusu leo. Wewe huna cheo cha kutumia vibaya, lakini unakaribishwa kujinufaisha na cha mkubwa, na wanaokukaribisha wanakupa picha kwamba ndivyo dunia ilivyo.

Kuna kipimo ninachotaka ukitumie. Hatua yoyote unayofikiria kuichukua ili upande, jiulize kama unaweza kuiandika kwenye dokezo sabili, ile karatasi ya maelezo ya ndani ya ofisi, lenye jina lako na tarehe, likapita masjala na kuingia katika jalada ambalo anayehusika atalisoma. Kuomba upewe jukumu la kuratibu mpango kazi wa mwaka ujao kunaandikika. Kupendekeza njia tofauti na ya mkuu wako, ukitaja sababu zako, kunaandikika. Kusema kwamba mwenzako ana ugomvi nyumbani kwake na kwa hiyo hafai kukaimu, mkono wenyewe utakataa kuandika. Wala usidhani kwamba nakufundisha kuwaficha wezi. Ukikuta malipo hewa au zabuni iliyopikwa, hilo nalo linaandikika, pamoja na vielelezo, kwa mamlaka inayohusika, na tangu mwaka 2015 tuna Sheria ya Kulinda Watoa Taarifa na Mashahidi kwa ajili hiyo. Mtoa taarifa hufuata kosa na ushahidi wake, ilhali mpeleka maneno humfuata mtu na kumtafutia kosa.

Mjibu afisa huyo kwa heshima, kwa kuwa ni mkubwa wako kazini na kiumri. Mwambie hivi: "Nashukuru, mzee wangu, kwa kunifikiria. Kazi yoyote ya idara nikiagizwa nitaifanya kwa moyo wote, ila habari za kitengo naomba zipitie kwa mkuu wa kitengo." Usimhubirie, na ukitoka hapo usiende kumtangaza, maana ukimtangaza utakuwa umejiunga na kambi ya pili siku hiyo hiyo.

Nimeona niandike kwa urefu kuhusu namna ya kujulikana, kwa sababu hapo ndipo waadilifu wengi wanapoangukia. Wanadhani unyenyekevu ni kunyamaza, kisha wanaumia wanaposahauliwa. Tangu OPRAS, ule utaratibu wa zamani wa kupima utendaji kazi, ilipoachwa na PEPMIS, mfumo wa kielektroniki, kuanza kutumika, mtumishi anaingiza majukumu yake kwenye mfumo na msimamizi anayathibitisha, lakini wengi huingiza kwa kukimbizana na tarehe ya mwisho na kuandika maneno kama "nimeshiriki kuandaa taarifa", ambayo hayamsaidii mtu yeyote kuwatofautisha. Wewe andika kazi yenyewe: umechambua matumizi ya robo ya pili, ukabaini fungu lililobaki bila kutumika, na pendekezo lako likajadiliwa kwenye kikao cha menejimenti. Jaza kila wiki, kumbukumbu ikiwa bado mbichi. Jitolee kuandika mihtasari ya vikao, kazi ambayo wengi huikwepa, kwa sababu anayeiandika hujifunza jinsi uamuzi unavyofikiwa na wakubwa huizoea kalamu yake. Ukiwasilisha kazi iliyofanywa na watu watatu, wataje watatu wote mbele ya mkurugenzi, kisha utaona wiki inayofuata nani wako tayari kubaki nawe jioni mmalizie kazi ya dharura.

Umelalamika kwamba andiko lako lilikwenda juu kwa jina la mkuu wako. Hapo nakuomba utofautishe mambo mawili. Barua na taarifa za serikali hutoka kwa saini ya mkuu, na rasimu ya afisa wa chini kutoonekana ni utaratibu wa kazi, kwa hiyo usiuhesabu kuwa wizi. Lakini mwenzako wa daraja lako akichukua kazi yako akaiita yake, zungumza naye kwanza mkiwa wawili, kwa upole na bila kuzunguka. Safari nyingine tuma rasimu mapema kwa barua pepe, nakala kwa msimamizi. Huko si kumvizia mtu, ni kuweka kumbukumbu ambayo hata yeye anaweza kuitumia.

Nenda pia kwa mkuu wako, siku ambayo hana presha ya kikao, umuulize: "Nikitaka kufikia uandamizi, unaona nimepungukiwa na nini?" Wakubwa wengi hawajawahi kuulizwa hivyo, na jibu lao huwa la kweli kuliko yote utakayoyasikia kwenye korido. Ukitofautiana naye, tofautiana naye ofisini kwake kabla ya kikao, ukiwa na takwimu mkononi, na akishaamua jambo lililo halali, litekeleze kama vile ulilipendekeza wewe. Usijifungie. Kunywa chai ya saa nne na wenzako, changia misiba na harusi, cheka nao, na jina la mtu asiyekuwepo linapoanza kutafunwa, inuka urudi kwenye meza yako. Kwenye kundi la WhatsApp la ofisi, usiandike usichoweza kukisema mbele ya mkurugenzi.

Dereva, mhudumu na mtu wa masjala wasalimie kwa majina yao, si kwa sababu siku moja watakufaa, bali kwa sababu ni watu na ni watumishi wenzako.

Kuna jambo moja ambalo ni lazima mama alitamke wazi. Ikitokea mwenye mamlaka akakufungulia mlango wa cheo, safari au mafunzo kwa sharti la mwili wako, hapo hakuna cha kupima wala cha kumstahi. Rushwa ya ngono ni kosa la jinai chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Hifadhi ujumbe wake, andika tarehe na mahali, piga TAKUKURU kwa namba 113, na unipigie mimi saa hiyo hiyo, hata usiku wa manane. Hakuna kazi ambayo nyumba hii itakulaumu kwa kuiacha kwa sababu hiyo.

Na ukionewa kwa namna nyingine, dai haki yako kwa ngazi. Msimamizi wako kwanza, kisha mkuu wa taasisi kwa maandishi, kisha Tume ya Utumishi wa Umma kwa mambo yanayoruhusu rufaa, huku chama chako cha wafanyakazi kikijua. Baraza la Wafanyakazi nalo, ambalo chimbuko lake ni Waraka wa Rais Na. 1 wa mwaka 1970, ni mahali pa kuhoji upangaji wa watu na mafunzo bila kumlenga mtu binafsi, ingawa vijana wengi hulihudhuria kwa ajili ya posho tu. Ukiona baada ya yote hayo kwamba taasisi nzima imekubali kuendeshwa kwa makambi, omba uhamisho, au fuatilia nafasi za juu zinazotangazwa na Sekretarieti ya Ajira. Kuondoka mahali hapo kwa jina safi hakutakuwa kushindwa.

Kwa wiki hii nakuomba ufanye mambo mawili: umjibu yule mzee kabla hajadhani kwamba ukimya wako ni ndiyo, na uende ofisi ya utumishi ukaliulizie jalada lako. Wakikuambia nini kimepungua, nitumie orodha, kwani baadhi ya vyeti vyako halisi viko kabatini kwangu na naweza kuvituma Dodoma kwa basi la asubuhi. Baba yako anakusalimu, na wadogo zako wanauliza utakuja lini.

Mama yako