Unapunguza uzito bila upasuaji? Nenda kliniki na anayekupikia

Dar siku hizi ukitaja unene, wa kwanza anakutajia chai ya kukata tumbo, wa pili anakuuliza habari za puto la tumboni la hospitali ya Mloganzila. Mimi namsindikiza baba watoto wangu kliniki tangu BMI yake (uzito ukilinganishwa na urefu) ipite 30 na sukari kupanda. Ninachoweza kukwambia ni hiki: kabla ya kuuliza bei, uliza ni akina nani watakaokuhudumia, na kama wanaongea wao kwa wao.

Mtaalamu wa lishe alimpunguzia ugali na wali. Sawa kabisa. Lakini anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari kama glibenklamaidi akila kidogo huku dozi ni ile ile, sukari inaweza kushuka ghafla: jasho, mikono kutetemeka, hata kupoteza fahamu. Kwetu nesi ndiye aliyeliona hilo kwenye daftari la vipimo, akamfuata daktari, dozi ikapunguzwa kabla mpango haujaanza.

Hata puto, linaloingizwa tumboni bila kupasuliwa, linawahitaji watu hao hao. Siku za mwanzo ni kichefuchefu na vimiminika tu. Likishatolewa, na wewe bado unakula kama zamani, kilo zinarudi.

Sasa njoo nyumbani. Kliniki tuliulizwa, "Mafuta mnaweka kiasi gani?" Tukabaki kutazamana. Anayejua tulikuwa tumemwacha nyumbani Tabata, anakaanga. Safari iliyofuata tukaenda na dada wa kazi. Akaeleza bila kuficha kwamba mchuzi mmoja unakula karibu upawa mzima, "maana baba anapenda mafuta yaelee." Akaelekezwa apime kwa kijiko, asimimine kutoka kwenye dumu. Hapo ndipo mizani ilipoanza kusogea. Kama kwenu anapika mama mkwe, basi nendeni naye (najua, hilo nalo ni la kuombea dua).

Mshauri wa saikolojia wengi wanamruka, eti ni wa wenye wazimu. Lakini mji huu ukinenepa unaambiwa umenawiri, ukipungua unaulizwa, "Vipi, unaumwa?" Mwenzangu aliulizwa ofisini, msibani, hadi kwa kinyozi, mpaka akatamani kurudia chipsi mayai ili watu wanyamaze. Kwa hilo daktari hana kidonge. Mshauri alimzoeza kujibu kwa kifupi, "Nimeamua, na presha imeshuka," kisha abadilishe mazungumzo.

Kuhusu mazoezi sina mengi ya kusema. Jogging za mtaani ni nzuri, ila mwenye magoti mabovu aanzie kwa mtu wa fiziotherapia.

Msikimbilie pia kilo 40. Kupungua asilimia 5 hadi 10 tu kunasaidia presha na sukari. Kwa mtu wa kilo 110, hizo ni kama 6 hadi 11.

Na mkipewa tarehe ya kurudi, ombeni namba ya kumpigia mtu kabla ya siku hiyo. Sisi tuliihitaji Ramadhani ilipokaribia, tukauliza kuhusu funga na dawa za daku kabla mwezi haujaandama.