Makinda wote wa kahawia: hukutapeliwa

Ndugu yangu, umempandisha chatu-mpira ("ball python") wako albino na jike wa rangi ya kawaida, makinda sita wote wametoka kahawia, sasa unamshuku muuzaji. Hapana, hakukudanganya. Jeni ya ualbino hujificha. Kinda huwa albino pale tu anapoirithi kwa baba na kwa mama pia. Hao wako wameipata kwa baba peke yake, basi melanini, ile rangi nyeusi ya ngozi, inatengenezwa kama kawaida. Ila kila mmoja wao ameibeba.

Ukimpandisha mmoja wao na albino, kila yai lina nafasi ya 50% ya kutoa albino. Ndugu kwa ndugu, 25%. Hiyo ni bahati ya kila yai, si mgao, kwa hiyo mayai manne yanaweza kukosa kabisa. Mimi ningetafuta albino wa ukoo mwingine, na ningesubiri jike afikishe gramu 1500 hivi.

Tafadhali, usishawishike na wale chatu-mpira wa rangi inayoitwa buibui. Jeni ileile inayowachora mistari myembamba huharibu sikio la ndani. Kichwa kinatikisika, kinapinda juu chini, akimrukia panya anamkosa. Usimzalishe huyo.