Jibu: Corolla 110 inayomisi asubuhi za mvua

Mkuu, salama? Umesema 110 yako yenye injini ya 5A inamisi (inakatakata, haichomi mafuta sawasawa) asubuhi za mvua, injini ikishapata moto inatulia, na plagi ni mpya. Basi usikimbilie pampu wala kuosha nozeli. Anza na nyaya za plagi na kofia ya distributa, kile kifaa kinachogawa umeme kwa kila plagi.

Usiku paki gizani, fungua boneti, acha injini ikiunguruma taratibu bila kukanyaga mafuta, kisha pulizia nyaya maji kidogo. Usiguse kitu, inapiga shoti hiyo! Waya uliochoka utauona: cheche za bluu zinarukia chuma, tik tik tik.

Zima, chomoa nyaya, chungulia mashimo ya plagi. Injini hizi sili za tapeti kava (mfuniko wa juu wa injini) hukauka, oili ikajaa humo na kulainisha mpira wa waya. Hapo plagi mpya ni kazi bure. Ndani ya kofia tafuta mstari mweusi mwembamba kama unywele kati ya pini mbili. Ukiuona, badilisha kofia na rota, kile kipande kinachozunguka ndani yake. Msasa unakusogeza siku chache tu.

Nyaya nunua seti nzima, za mtumba achana nazo. Ikiendelea kumisi hata juani, kapime kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda) kwanza ulete majibu. Bila hayo mimi nitakuwa nabahatisha.