Dagaa tutaanika wapi?

Ndugu Mhariri, wiki hii mmetuuliza wasomaji kama tunaunga mkono kutengwa kwa hifadhi mpya kando ya Ziwa Tanganyika. Mimi naunga mkono, na nalisema mapema nisije nikadhaniwa adui wa msitu. Aliyewahi kupanda boti Kibirizi, hapa Kigoma, kwenda kijiji cha Mwamgongo hana haja ya kuhubiriwa. Ukipita hifadhi ya Gombe, miti inashuka mlimani hadi majini. Nje ya mpaka unakuta makorongo na mashamba ya mihogo kwenye miteremko mikali, na mvua ikinyesha udongo wote ule unaingia ziwani na kufunika mawe ambako samaki wadogo wanazalia. Gombe imekuwa hifadhi ya taifa tangu 1968, Mahale tangu 1985. Bila hizo mbili sijui watoto wetu wangeonyeshwa nini.

Ila swali lenu limekaa msituni, na mimi linaloniuma ni ufukwe.

Miaka kadhaa iliyopita nilimsindikiza mama mdogo kwenye mkutano wa kijiji kimoja chenye mwalo, yaani mahali mitumbwi inaposhushia samaki, kaskazini mwa mji wa Kigoma. Wageni walikuja na ramani wakaibandika ukutani pale ofisi ya kijiji, eneo la kuhifadhiwa limepakwa kijani. Walizungumza vizuri, sitawasingizia. Walieleza habari za mazalia ya samaki, vyanzo vya maji na watalii. Wanaume waliuliza kuhusu nyavu na kuni. Jua lilishakuwa kali na watu wameanza kuondoka, ndipo mama mdogo, ambaye maisha yake yote ameanika dagaa, akanyoosha mkono.

"Mheshimiwa, hapo penye kijani ndipo tunapoanika. Dagaa tutaanika wapi?"

Akajibiwa kwamba litatafutwa eneo mbadala.

"Lina changarawe au lina matope?"

Mgeni akatazama ramani. Ramani haikuwa na changarawe. Mama mdogo hakukaa. Akaeleza kwa utaratibu, kama anamfundisha binti wa kazi, kwamba wavuvi wanavua usiku wa giza na kurudi alfajiri, kwa kuwa mbalamwezi ikiwa kubwa taa haziwavuti dagaa. Kwamba dagaa akishushwa hana subira, asipolala juani asubuhi ile ile jioni ananuka. Kwamba akilala kwenye mchanga anaokota mchanga, na mnunuzi wa Dar es Salaam akitafuna mara moja tu, bei imeanguka. Kwa hiyo panatakiwa mahali pa wazi, pa changarawe au penye nafasi ya kujenga chanja za kuinulia dagaa juu ya ardhi, karibu na mitumbwi inaposhushia. "Mkinipeleka mlimani," alisema, "nitabeba ndoo ngapi kabla jua halijazama?"

Mwenyekiti alimshukuru, akaita mchangiaji mwingine. Swali liliandikwa kwenye muhtasari, hilo nililiona kwa macho yangu. Jibu sijaliona hadi leo.

Nawaombeni wasomaji wa mikoa mingine mwelewe ziwa hili lilivyo. Tanganyika si ziwa la fukwe pana. Sehemu kubwa ya pwani yetu mlima unaingia majini moja kwa moja, na penye tambarare kidogo ni pale mto au kijito kinapomwaga. Hapo hapo ndipo penye kijiji, mwalo, shule na makaburi. Msitu unaweza kuuchorea mpaka ukausogeza kidogo juu au chini. Ufukwe tambarare ukishauchukua, mwingine haupo. Tena mpaka wa Mahale hauishii nchi kavu, unaingia ziwani kama kilomita 1.6, na ndani ya hifadhi ya taifa mtu havui.

Kuna na sheria. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaupa mkutano mkuu wa kijiji uwezo wa kukubali au kukataa ardhi yake ihamishwe, lakini ni pale eneo lisipozidi hekta 250. Likizidi hapo, wanakijiji wanatoa maoni na uamuzi unakwenda juu. Hifadhi gani ya taifa kando ya ziwa hili ni ndogo kiasi hicho? Maana yake sauti ya mama mdogo ina nguvu kwenye kiwanja, kwenye hifadhi inabaki maoni.

Msiseme watu wa ziwa hawataki kujinyima. Mwaka 2024 ziwa lilifungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti samaki wazaliane. Ilikuwa ngumu, hasa kwa wanaotegemea mwalo kila siku, lakini watu walivumilia kwa sababu tarehe ya kufungua ilijulikana na ufukwe ulibaki wao. Hifadhi haina tarehe ya kufungua.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kuwajibu ndiyo. Sasa nikiambiwa nipige kura leo, kwa ramani za namna ile niliyoiona, napiga hapana. Kwa msitu wa juu na vyanzo vya maji bado nasema ndiyo. Kwa mazalia ya samaki, wapewe BMU, vikundi vya wanakijiji vya kusimamia uvuvi ufukweni, wayalinde, wao wanajua nani anavuta wavu haramu wa kokoro usiku. Na wakileta ramani inayoonyesha mwalo, njia ya kwenda mwaloni na mahali pa kuanikia, vyote nje ya mpaka, ikasomwa mbele ya kina mama wanaoanika na si mbele ya wajumbe peke yao, niulizeni tena.